Mafenesi ya Kiboko Kwenye Koo la Nyota

Paukwa!
Pakawa!
Nimesikia!
Umesikia nini?
Aa, mimi si mtu wa kusema.
Sema tu, bibi, hapa hatoki mtu!

Haya, mmenilazimisha wenyewe.

Hapo kale wanyama wote walikuwa wakiishi juu, kwenye sayari. Sayari zilikuwa sita, na kila moja na chakula chake. Kulikuwa na sayari ya Boga, sayari ya Muwa, sayari ya Ndizi, sayari ya Karanga na sayari ya Fenesi. Ya mwisho kabisa, ndogo, imejibana pembeni kama mke asiyependwa, ni sayari ya Kunde.

Huko Kunde aliishi Bi Sange. Mnamjua sange? Yule mdogo kama panya, pua ndefu kama mrija, miguu haitulii. Alikuwa mjane mwenye wajukuu kumi na tisa, shamba la kunde, na redio ya kusemeshana na vyombo vya angani. Redio ile haikupata kupoa hata siku moja.

Basi akatokea Bwana Kiboko. Mkubwa, mwenye nguvu, mwenye njaa, na mwenye akili za kutosha kufungulia mdomo. Alikuwa na vyombo sita vya vita. Akaenda Boga, bum! Akachukua. Akaenda Muwa, bum! Akachukua. Ndizi, bum! Karanga, bum! Fenesi, bum! Na kila alikotua alisema maneno yaleyale: "Hiki changu, hicho changu, na hicho ulichoshika mkononi nacho changu." Wenyeji wakabaki kulamba maganda.

Ikabaki Kunde.

Wakubwa wa Kunde wakaitisha kikao, maana walikuwa na chombo kimoja tu cha vita, nacho kilikuwa kinakohoa.

Bwana Kobe akasema, "Chombo kikae mlangoni kwangu. Mimi ndiye mkubwa wenu."

Bi Bata akasema, "Kikae bwawani kwangu. Mimi nina mayai."

Bwana Nguchiro akasema, "Kizungukezunguke kote, kila mtu akione apate moyo."

Bi Sange akauliza, "Jamani, njia za kuingia Kunde ni ngapi?"

"Moja," wakajibu. "Koo."

Na kweli ilikuwa moja. Kushoto kuna jua kali, kulia kuna jua kali zaidi. Anayezunguka huko anaiva. Katikati yanaelea majabali mawili, na kati yake pana upenyo. Upenyo huo ndio ukiitwa Koo.

"Sasa kama njia ni moja, chombo kikae wapi?"

Wakafikiri sana.

Bi Bata akasema, "Kwangu."

Bi Sange akaona kikao kimeiva. Akaondoka, akapanda kile chombo mwenyewe, koho-koho-koho, mpaka Kooni. Alipofika akachungulia, akaona vyombo sita vinakuja, vuuuu! Kimoja angekizuia kwa muda. Sita vingempita kama hayupo, na jioni ile wajukuu zake wangekuwa wanalamba maganda, na ganda la kunde wala halilambiki.

Akashika silaha aliyoizoea. Redio.

"Hodi, mjomba Kiboko!"

"Nani huyo?"

"Mpwa wako, Sange. Karibu Kunde, mjomba, pita tu, mlango wazi. Ila... mimi si mtu wa kusema."

"Ila nini?"

"Basi, mjomba, tuyaache."

"Sema, wewe kidudu!"

"Nasikia Fisi kaonekana Boga. Ananusanusa."

"Maboga yangu!" Kiboko akanguruma. Akatuma chombo kimoja kirudi kulinda Boga. Vuuuu! Vikabaki vitano.

"Ahsante, mpwa. Sasa nakuja kuchukua kunde."

"Karibu, mjomba. Ila mimi si mtu wa kusema."

"Sema!"

"Nasikia Fisi ana shemeji yake Muwa. Na shemeji mwenyewe ana meno."

"Miwa yangu!" Vuuuu! Vikabaki vinne.

Mimi si mtu wa kusema, nasikia kwenye Ndizi. Vuuuu! Mimi si mtu wa kusema, nasikia kwenye Karanga. Vuuuu! Mimi si mtu wa kusema, nasikia kwenye Fenesi. Vuuuu! Jemadari wetu hodari akabaki peke yake na chombo chake.

Lakini hicho kimoja, jamani, kilikuwa na mizinga kumi na miwili. Kile cha Bi Sange kilikuwa na kikohozi. Bi Sange akaisogeza redio karibu na pua.

"Mjomba, la mwisho hili, halafu nife nikisema tena. Hao walinzi wako. Nasikia huko wameinjika masufuria."

Redioni ikasikika sauti ya mtu mzima anayetaka kulia. "Wanapika fenesi langu?"

"Mabivu wanayala hivihivi. Mbegu ndizo wanazochemsha."

Kiboko hakuaga. Akageuza chombo, akazunguka sayari zote tano, akabeba kila kitu. Maboga akayafunga ubavuni, miwa akaifunga nyuma, mikungu ya ndizi akaitundika huku na huku, magunia ya karanga akayapandisha juu, mafenesi akayaning'iniza kushoto na kulia kama hereni. Walinzi akawaacha palepale, walinde. Walinde nini? Muulizeni yeye.

Siku ya saba akarudi Kooni. "Nimekuja kuchukua kunde!"

"Karibu, mjomba."

Akaingia. Krrr. Akasukuma. Krrrrr! Akasukuma tena. Ngwi! Haendi mbele, harudi nyuma.

"Mpwa! Nimekwama!"

Hapo Bi Sange akasema kweli tupu, mara yake ya kwanza wiki nzima. "Mjomba, yatupe hayo mafenesi tu. Utapita bila shida."

Angeyatupa, Kunde ilikuwa imekwisha.

"Niyatupe wewe uyaokote?" Kiboko akacheka. "Unanionaje?"

"Basi rudi nyuma."

"Miwa ivunjike?"

"Mjomba, mimi nimeshauri tu."

Akakaa hapohapo. Sasa ule uongo wa Bi Sange nao ukaona aibu, ukageuka kweli. Fisi akaja, na vyombo kumi. Akapita Boga, patupu. Akapita Fenesi, patupu, mlinzi kalala na njaa. Akafuata harufu mpaka Kooni, akanyoosha mkono kwenye fenesi la kushoto.

"Fenesi langu!" Bum! Bum! Mizinga yote kumi na miwili. Fisi alipigwa kiunoni, na ndiyo maana mpaka leo mgongo wake umeinama nyuma.

Tangu siku ile Kunde haijaingiwa na mtu. Kila Ijumaa Bi Sange anampelekea Kiboko kunde za nazi, bakuli kubwa, lililojaa mpaka juu.

"Pole na kazi, mjomba."

"Siku nikichomoka hapa, nitakumeza."

"Inshallah, mjomba. Kula kwanza, usije ukapungua."

Haya, funzo lenu hili hapa, mlishike. Umbeya haujengi. Mwenye kusemasema ni mtu wa hovyo, kama Bi Sange. Wa kuigwa ni Kiboko: mlinzi mwaminifu, haondoki kazini hata kwenda msalani.

Ngano yangu imekwama hapo Kooni. Ikiwa tamu, bebeni. Ikiwa chungu, mwachieni Kiboko, yeye hatupi kitu.

Nendeni sasa. Ila wewe, mama Zuwena, baki kidogo, sogeza kigoda. Mimi si mtu wa kusema, lakini nasikia...