Maziwa ya Bronka na Jina la Mtoto

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura na fisi bali zamani ya juzi tu, babu zetu walipokuwa wakipelekwa vitani kupigania ugomvi wa wenyewe, palikuwa na kijiji nchini Poland. Hadithi hii imeniudhi tangu siku niliyosimuliwa. Nawaletea nanyi iwaudhi. Kwa nini niudhike peke yangu?

Wajerumani walikuwa wameikalia nchi ile. Waliwasaka Wayahudi, wazee kwa wachanga, na kuwaua. Na mtu aliyemficha Myahudi aliuawa yeye na nyumba yake nzima. Hilo mlikumbuke, maana mkilisahau mtaanza kuwalaumu watu hali mmeshiba.

Kijijini hapo aliishi Bronka, mjane mwenye ng'ombe mmoja na hasira za ng'ombe kumi. Siku moja ya baridi walimjia mtu na mkewe, Hersh fundi viatu na Mirla, Wayahudi kutoka mji wa jirani. Ndugu zao walikuwa wamekwisha kuuawa.

"Mama, tufiche," akasema Mirla.

"Mimi si mama yako," akajibu Bronka. "Pandeni juu upesi, na mfute miguu."

Akawapandisha darini, juu ya zizi, ndani ya nyasi kavu za ng'ombe. Wakikohoa, Bronka alinung'unika. Wasipokohoa, alipanda kutazama kama wamekufa, na akiwakuta wazima alinung'unika zaidi. Lakini maziwa aliwapa kila siku.

Maziwa peke yake hayamshibishi mtu mzima. Bronka akamwendea shemeji yake Kazik, mwenye kinu cha kusagia ngano, akamweleza.

"Kwangu wasikanyage," akasema Kazik. "Nina watoto wengi, shemeji. Lakini unga nitaleta."

Akaleta kweli. Kila wiki alipita na gunia la pumba za ng'ombe, na katikati ya pumba palikuwa na unga. Angekamatwa na unga ule, watoto wake wangekuwa yatima, kama wangebaki hai. Basi Bronka akatoa dari, Kazik akatoa unga, na watu wawili wakaishi.

Sasa sikieni palipoharibika. Wajerumani walikuwa wameamuru kila mwenye ng'ombe apeleke maziwa kwao, na kijiji kikipunguza, kijiji kizima kiadhibiwe. Mwenye kuyazungusha makopo ya maziwa kwa mkokoteni aliitwa Walenty, jirani wa Bronka. Walenty na Bronka walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya ua wa mpakani. Walenty asema umesogezwa, Bronka asema haukusogezwa. Isitoshe, Walenty hakuwapenda Wayahudi, na hakulificha jambo hilo.

Walenty akaona kopo la Bronka limekuwa jepesi. Mtu mwingine angemeza mate akanyamaza. Walenty wapi! Alisimama kinuni kwa Kazik, watu wamejaa, akapaza sauti: "Ng'ombe wa Bronka amenona, na kopo lake nusu tupu. Maziwa yanakwenda wapi? Tutaadhibiwa sote kwa ajili ya mjane mmoja!"

Mdomo huponza kichwa, wazee wamesema, ila mara hii ulikuwa unaponza vichwa vya watu wengine. Askari walisikia. Wakamchukua Walenty hadi kwa Bronka akarudie maneno yake.

Wakaingia jikoni. Askari wakapekua makabati. Walenty, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akatazama meza. Akaona mabakuli matatu yametoka kuoshwa, katika nyumba ya mtu mmoja. Akamtazama Bronka. Bronka alikuwa mweupe kama chokaa. Hapo Walenty akaelewa.

"Maziwa yanakwenda wapi?" askari akauliza.

"Kwangu," akasema Walenty. "Mimi ndiye mwizi. Ninamkamua ng'ombe wake kabla hajaamka. Alininyang'anya ardhi ya mpakani, nami nikajilipa."

"Mwizi gani hupiga kelele kinuni?"

"Anayetaka alaumiwe mwingine."

Wakamwamini, kwa sababu kijiji kizima kiliujua ugomvi wa ua. Wakamfunga kamba. Alipopita mlangoni alimwambia Bronka, "Na ua wako umesogezwa," akaondoka. Alifia gerezani kabla theluji haijayeyuka.

Mnafikiri Bronka alishukuru Mungu akatulia? Hofu ilimshika, akawatoa Hersh na Mirla darini mchana uleule. "Nendeni! Nimechoka kufa kila siku!" Wakaenda kwa Kazik. Kazik akafungua mlango, akawapa mkate, akafunga mlango. Wakakaa kwenye theluji nyuma ya kinu, Mirla hahisi tena vidole vyake.

Jioni haijaingia, Bronka akaja kuwatafuta. Aliwarudisha kwa mkokoteni wa nyasi, njia nzima akiwatukana: kwa nini wamekwenda mbali, kwa nini hawakugonga tena mlangoni, hawana akili? Hersh akalia. Akasema, "Mungu akitujalia mtoto, nitamwita jina la aliyetuokoa. Naapa."

Mungu akawajalia. Wajerumani walikimbia, na mwezi huohuo Mirla akajifungua binti katika kitanda cha Bronka. Siku ya kumpa mtoto jina ikafika. Bronka akavaa kilemba kipya.

"Haya," akasema, "mwiteni Bronka."

Mirla akainamisha kichwa.

"Mmekaa juu ya ng'ombe wangu miaka, leo jina langu linawakwama kooni? Kweli shukrani ya punda ni mateke!"

"Mama Bronka," akasema Hersh, "kwetu mtoto hupewa jina la marehemu. Kumwita jina la aliye hai ni kama kumwombea kifo."

"Kwa hiyo nife kwanza?"

Mtu ameapa bila kufikiri, sasa anakuna kichwa! Na mtoto analia.

Kazik naye alikuwa hapo, amekuja na unga, safari hii juu ya pumba, bila kuuficha. Akasema, "Dari haiweki chakula mezani. Bila mimi mngeficha mifupa. Kama mila inavunjwa, ivunjwe kwa jina langu." Naam, majina ya kiume kwao hupindwa kidogo yakawa ya kike. Hilo lisiwasumbue.

"Wewe uliyefunga mlango!" Bronka akafoka.

"Wewe uliyewatoa!"

Hapo mlangoni akasimama mjane wa Walenty. "Mume wangu hawezi kusema, nasema mimi," akaanza. "Hakuwapenda, siwadanganyi. Na mdomo wake ndio uliowaleta askari. Lakini nyinyi wawili mmo humu mnagombana, yeye yuko ardhini. Na ninyi Wayahudi mnataka jina la marehemu. Basi, marehemu ni wangu."

"Marehemu aliyetuchoma!" akasema Bronka. "Alizima moto aliouwasha mwenyewe! Hersh, mimi nilivunja sheria ya Wajerumani, na kichwa changu kikiwa rehani. Wewe unashindwa kuvunja mila moja?"

"Sheria ya wauaji nitaivunja kila siku," akasema Hersh. "Mila hii ni ya wazazi wangu. Walichoniachia ndicho hicho tu."

Ndipo Mirla akainua uso, macho mekundu. "Mama yangu naye aliuawa, hana hata kaburi. Jina la mtoto huyu lilikuwa haki yake. Mume wangu alipoapa, nilimnyima mama yangu jina ili kiapo kitimizwe. Sasa kitimizeni kwa haki, kwa maana mimi siwezi kuchagua."

Akamlaza mtoto mezani, katikati yao, asiye na jina.

Nami nauleta mzigo huu kwenu. Msiniambie "wote," mtaniudhi bure. Mtoto ni mmoja na jina ni moja. Kuna Bronka, aliyetoa nyumba, akawatupa, akawarudia. Kuna Kazik, aliyewalisha akawafungia mlango. Kuna Walenty, asiyewapenda, aliyewaponza, na aliyewafia. Na kuna mama aliyeuawa, asiyedai kitu.

Je, nani alistahili jina la mtoto yule?