Tela la Bi Talaso na Wale Ndugu Watatu

Sogeeni karibu. Anayetaka habari zilizopigwa pasi akasikilize redio. Hii yangu nimeletewa na watu wanne, kila mmoja kwa siri, na kila mmoja aliniapisha nisimwambie mtu. Ndiyo maana nawaambia nyinyi wote kwa pamoja, ili pasiwe na mmoja niliyemwambia.

Hapa Mazeras alikuwapo mama mmoja wa Kiborana, Bi Talaso, aliyeolewa na marehemu Mzee Chidzuga akaletwa pwani akiwa msichana. Watoto hakujaliwa. Walioishi naye ni watoto watatu wa shemeji yake, wakubwa sasa, wanaomwita Mama.

Wa kwanza, Sefu. Kipaji chake ni njia. Mtajie mji wowote, atakwambia utalala wapi, maji utachota wapi, na mlima gani utakutoa jasho. Wa pili, Riziki, mpishi wa harusi. Kipaji chake ni kupakia. Huyu dada hupanga masufuria arubaini na sahani mia nne kwenye pikapu, akashuka Kaloleni hata kikombe kimoja hakijapata ufa. Wa tatu, Nyale, fundi wa kuchomelea. Kipaji chake ni chuma. Akikiunganisha hakiachani, tofauti na ndoa zake, lakini hayo ya ndoa tuyaache.

Marehemu aliacha pikapu ya milango minne, na aliacha tela. Si tela la mchanga. Nyumba kabisa ya magurudumu: kitanda, jiko, kabati, mapazia ya maua. Alipewa na mpimaji mmoja wa ardhi aliyemlindia kambi miaka mingi. Lilikaa ukutani pale kwa Bi Talaso, kuku wakitagia chini yake, na hakuna aliyelijali.

Hadi siku simu ilipotoka Sololo, huko karibu na Moyale. Dada yake Bi Talaso, Bi Dhaki, alikuwa anapoteza macho. Hawakuonana miaka thelathini na moja. Dada mtu alisema kwenye simu, "Sasa naona watu kama ninatazama kupitia leso. Ukichelewa utakuta nakupapasa tu."

Bi Talaso akalia siku mbili. Mgongo wake mbovu, basi haliwezi, akikaa saa mbili lazima alale chali. Siku ya tatu akawaita wale watatu uani, akashika ufunguo wa tela.

"Atakayenifikisha kwa dada yangu angali ananiona," akasema, "tela hili ni lake. Mmoja tu. Silikati vipande. Nimeapa kwa jina la marehemu mwenye nalo."

Hapo ndipo kila mtu alipoanza kulipenda tela. Sefu, aliyekuwa akilala sebuleni kwa shemeji yake, akasema ni chumba kizuri. Riziki akasema ni jiko zuri la harusini. Nyale ana wake wawili, akasema anataka mahali pa kupumulia. Na tangu saa ile hakuna aliyemwamini mwenzake. Mimi nilikuwa napita pale kuomba chumvi, nikaona kwa macho yangu watu watatu wakinywa chai huku kila mmoja ameshika kikombe chake kwa mikono miwili.

Wakaanza kupanga safari. Sefu akaja na daftari. Akawasomea: watatoka Mazeras wapite Voi, Mtito Andei, Nairobi, Nanyuki, Isiolo, Marsabit, Turbi, hadi Sololo. Kila saa mbili kituo, Mama aingie kwenye tela alale chali, maana tela likitembea mtu hakai ndani. Mpango mzuri. Lakini daftari lenyewe hakumpa mtu alishike.

"Isiolo umesema siku ngapi?" akauliza Riziki.

"Mbili."

"Mbili za nini?"

"Tairi zipumzike."

"Nairobi tunalala siku moja, Nanyuki moja, Isiolo tairi ndiyo zinachoka?"

"Dada, wewe umewahi kufika Isiolo?"

"Sijafika. Wewe ndiye uliyefika, tena mara nyingi, na hukuwa na tairi."

Nyale akacheka. Sefu akafunga daftari, akalikalia.

Ikaja zamu ya kupakia. Sasa sikilizeni vizuri. Desturi ya nyumba ile ni kwamba zawadi ya kupelekewa mwenyeji haifunikwi na mzigo mwingine, na haiwekwi ndani kabisa. Hukaa mlangoni, mwenyeji akifungua aikute ya kwanza. Mlango wa tela lile uko nyuma. Basi nyuma kukarundikwa mikeka, gunia la mchele, mbuzi ya kukunia nazi, mitungi miwili, na pipa la maji ya safari. Wakalijaribu hadi Mariakani. Tela likatikisa mkia kama mbwa aliyemwona bwana wake. Kulia, kushoto, lori likawapigia honi, wakarudi polepole.

"Nyuma pazito," akasema Nyale. "Zawadi zije mbele."

"Hazitakuja mbele," akasema Bi Talaso. "Miaka thelathini na moja, halafu nifike nimemfichia dada yangu zawadi kama nimeziiba?"

"Basi tutapinduka, Mama, zikiwa mlangoni."

Riziki akasema, "Tokeni nyote. Niachieni ufunguo."

Akajifungia mchana mzima. Majirani tuliona gari la mkono likija mara tatu kwa mlango wa nyuma wa ua, limefunikwa turubai. Jioni wakalijaribu tena. Tela likafuata pikapu kimya. Zawadi ziko palepale mlangoni. "Umefanyaje?" wakamuuliza. "Nimepanga," akajibu, na sanduku la chini ya kiti cha mbele, mle ndani ya tela, akalitia kufuli.

Nyale naye hakulala kwenye mambo yake. Tela hushikwa na pikapu kwa kikombe cha chuma kinachokaa juu ya kirungu, na kikombe hicho kina kitasa. Kinatosha. Yeye akaongeza mnyororo mnene, ncha moja akaichomelea kwenye tela, ya pili akaifunga kwenye pikapu kwa kufuli. Ufunguo akauvaa shingoni.

"Huo wa nini?" akauliza Sefu.

"Usalama."

"Wa tela au wa nani?"

"Wewe panga tairi zako zipumzike."

Wakatoka Jumamosi alfajiri, watu wanne na kufuli tatu. Njiani, kila mara Bi Talaso alipoingia kwenye tela kujinyoosha, wale watatu walishuka wakalizunguka. Aliyekwenda msalani alikwenda kwa haraka.

Isiolo wakalala siku zao mbili. Siku ya kwanza jioni Sefu akasema anakwenda kuulizia njia. Akarudi asubuhi, shati limepigwa pasi. Ndani ya tela mna kila kitu, lakini pasi hamna. Riziki alilitazama lile shati kola mpaka mkono. "Njia umeiulizia vizuri," akamwambia. Pale Isiolo yuko mjane mmoja, Bi Sadia, muuza vitenge. Mimi simjui. Nasikia tu.

Siku ya pili, ambayo ingekuwa siku ya kuondoka kama wangelala moja, mvua ikanyesha milimani. Mchana ule korongo moja lililoko mbele ya njia lilishuka maji, yakapanda juu ya barabara, yakalizoa lori lililotoka Isiolo asubuhi. Dereva wake aliokotwa juu ya mgunga, ameshika tawi kwa saa tano. Wao walikuwa Isiolo wanakula pilau. Ililetwa kwenye sufuria la kuazima, na mwenye sufuria hakutajwa.

"Mnaona?" akasema Sefu. "Niliambiwa hali ya mvua. Ndiyo maana ya siku mbili."

"Uliandika siku mbili tukiwa Mazeras," akasema Riziki. "Mvua ilikuwa haijazaliwa."

Maji yakapungua, wakaenda. Marsabit wakasimama kituo cha Mama. Mara akaja mwenye duka mmoja, akanyoosha mkono, "Riziki ndiye nani? Nimekuja kuchukua nazi zangu." Kumbe ndani ya lile sanduku la mbele mlikuwa na magunia sita ya nazi. Wenzake wakamkodolea. Huyu dada alikuwa na biashara tangu nyumbani, akaipakia kwa ufunguo wa Mama. Riziki akamtazama mwenye duka, akatazama bendera ya kituo cha mafuta namna ilivyokuwa ikipigwa na upepo, akasema, "Leo siuzi." Mwenye duka akaenda zake analaumu.

Baada ya Marsabit ni uwanda. Hakuna nyumba, hakuna mti wa kusema huu nao ni mti. Upepo ukaja wa ubavu, ule wa kuondoa kilemba. Pembeni ya barabara wakakuta tela la mtu mwingine limelala kifudifudi, mwenyewe amekaa juu yake anapiga simu isiyoshika. Lao halikuyumba. Zile nazi mbele na zile zawadi nyuma, mizani imekaa.

"Ndiyo maana sikuuza," akasema Riziki. "Ningezitoa, mkia ungepata nguvu tena."

"Hukuuza kwa sababu ulikwishasikia Moyale bei ni nzuri zaidi," akasema Nyale. "Nilikusikia kwenye simu."

Riziki akapandisha kioo cha dirisha. Kama kuna mtu aliyewahi kumwona Riziki asijibu, anyooshe mkono.

Wakapita Turbi. Mbele kidogo kulikuwa na tuta ambalo halikupakwa rangi. Sefu usukanini, hakuliona. Pikapu ikaruka, kikombe kikaruka kirungu, pua ya tela ikashuka lami ikatoa cheche. Lingekwenda zake korongoni na zawadi na dawa za Mama na kitanda chake. Mnyororo ukakaza. Ukalia, lakini ukashika. Sefu akapunguza mwendo polepole mpaka wakasimama.

Wale watatu wakashuka. Kitasa cha kikombe kilikuwa wazi, hakikufungwa asubuhi ile.

"Nani alifunga tela leo?" akauliza Sefu.

Alikuwa Nyale. Wote walijua ni Nyale. Naye kwa hasira, mikono imejaa grisi, likamtoka jambo ambalo angelimeza. "Nimesahau, na wewe umelipanda tuta kama kipofu. Lakini bila mnyororo wangu tungekuwa wapi? Na mnyororo huu sikuufunga kwa ajili ya tuta. Niliufunga kwa ajili yenu, msije mkaondoka nalo nimelala."

Bi Talaso alikuwa amelala kiti cha nyuma, dirisha wazi. Akasikia kila neno.

Sololo wakafika saa kumi alasiri. Bi Dhaki alikuwa amekaa nje tangu asubuhi, ameelekezwa uso upande wa barabara. Bi Talaso akashuka, mgongo umepinda, akamwendea. Dada mtu akamshika mashavu, akamsogeza karibu mpaka pua zikagusana.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe."

"Mimi nimezeeka, lakini nakuona vibaya, kwa hiyo wewe bado msichana."

Wakacheka, wakalia, wakacheka. Kisha wakamwongoza Bi Dhaki mpaka kwenye tela. Akafungua mlango mwenyewe, akakuta zawadi za kwanza mbele yake, akazipapasa moja moja na kuzitaja. Hakuna hata moja aliyosaidiwa. Siku ya tatu baada ya hapo, nuru iliyobaki ikaondoka. Siku tatu tu, wanangu. Pangeongezeka ajali moja njiani, asingemwona.

Sasa ahadi. Wale watatu wakakaa mbele ya wale wakongwe wawili.

Sefu akasema, "Bila siku zangu mbili, tungezolewa na maji."

Riziki akasema, "Bila mzigo wangu, tungepinduliwa na upepo."

Nyale akasema, "Bila mnyororo wangu, tela lenyewe lingekuwa korongoni, na leo tungegombea nini?"

Bi Talaso akawasikiliza mpaka mwisho, ufunguo umefungwa kwenye pindo la leso yake. Akasema, "Mmoja alikwenda kwa mwanamke. Mmoja alikwenda sokoni. Mmoja alikuja kulilinda tela na ndugu zake. Aliyekuja kwa ajili yangu ni yupi?"

Nyale akauingiza ufunguo wa shingoni ndani ya shati.

Bi Dhaki akasema, "Lakini mdogo wangu, nimekuona. Hao ndio waliokuleta. Ulitaka uletwe na malaika?"

"Nimeapa kumpa mmoja."

"Basi mpe."

"Yupi?"

Hata dada mtu akaomba aletewe chai kwanza.

Wanarudi Alhamisi, na Bi Talaso amesema pikapu haiwashwi mpaka atoe neno. Nasikia huko sasa tela linatunzwa kama bibi harusi. Sefu analiosha, Riziki anapika mlangoni pake, Nyale anapaka grisi kilichokwisha pakwa, na hakuna anayekubali kuondoka wa kwanza. Wote watatu wamenipigia simu, kila mmoja anataka nimtajie Mama jina lake. Na jana amenipigia Bi Talaso mwenyewe: "Somo, nimechoka kuwashuku. Niamulie wewe."

Mimi sina haki ya kusema. Watatu wote wameniahidi kunilaza mle siku moja, na nimewakubalia wote watatu.

Kwa hiyo nawaletea nyinyi, ambao hamjaahidiwa kitu. Atazamwe kila mmoja alichofanya, au atazamwe alichokuwa nacho moyoni alipokifanya? Na kama ni cha moyoni, nani atapata hata tairi? Bi Talaso anangoja simu, na kesho kutwa ndiyo Alhamisi. Je, wewe ungemfungulia nani lile pindo la leso?