Picha Iliyosafishwa Mno

Paukwa!

Pakawa!

Mmeketi? Na wewe unayetafuna, tafuna polepole, usije ukapitwa.

Hapo zamani za kale, wanyama wana kamera na sisi hatuna, Nyati alivishwa taji. Nyati huyu alikuwa na pembe moja. Ya pili ilivunjika mtoni, siku alipompokonya Mamba mtoto wa Swala. Kwa ajili hiyo wanyama walimchagua awe mfalme. Lakini taji lilimkaa upande, naye akaona haya.

Akaitwa Komba, mpiga picha, mwenye macho makubwa ya kuonea gizani.

"Shikamoo, Mfalme."

"Marahaba. Picha hii itabandikwa kwenye lango la kila kijiji, wasionijua wanijue."

"Basi inua kidevu. Usipepese. Tulia... tuliaaa..."

Kacha!

"Tayari?"

"Bado, Mfalme. Mpaka nikaisafishe."

Nyati akafurahi! Masikini, hakujua. Kwa wapiga picha, kusafisha ni kuitoa tu picha ionekane. Yeye alidhani ni kama kufua shuka, doa litoke.

Kesho yake picha ikaja. Pembe moja. Taji upande.

"Hujaisafisha hii!"

"Nimeisafisha, Mfalme."

"Na hili pengo? Safisha tena!"

Komba akasafisha tena. Pengo lipo. Akasafisha tena. Pengo lipo. Nyati akakwaruza ardhi, kwaru! kwaru! Komba akaogopa. Akachukua kipande cha mkaa, akachora pembe ya pili.

"Hapo sasa!" akasema Nyati. Picha zikabandikwa kila lango.

Kiangazi kikaingia. Nyati akasafiri peke yake mpaka kijiji cha mbali, kiu imemkaba koo. Kisima kiko ndani, lango limefungwa. Mlinzi ni Punda Milia.

"Nani?"

"Mfalme wenu. Nifungulie, ninakufa kwa kiu."

Punda Milia akatazama picha. Akamtazama yeye. Akatazama picha.

"Mfalme wetu ana pembe mbili. Toka hapa, tapeli wee!"

"Ndiye mimi!"

"Haya, pembe iko wapi?"

Jamani, mwenyewe ndiye aliyelificha pengo! Kiu ikamzidi, akaanguka vumbini, puu!

Mama Swala alikuwa kisimani, akasikia kishindo. Akaja mbio, akachungulia.

"Fungua! Fungua haraka! Pembe yake ya pili ilibaki mtoni ili mwanangu arudi nyumbani."

Lango likafunguliwa. Nyati akanywa maji huku analia.

Aliporudi kwake akamwita Komba.

"Nipige nyingine."

"Niisafisheje, Mfalme?"

"Picha isafishe. Mimi usinisafishe."

Kacha!

Picha hiyo ikabandikwa kila lango, pembe moja, taji upande.

Wanangu, na nyinyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia, sikieni. Jeraha ulilolipata kwa kutenda wema usilifiche, kwa maana waliokupenda wanakujua kwa hilo.

Hadithi yangu imeishia hapo, langoni. Mwenye kiu akanywe maji.