Nahodha Aliyejipulizia Filimbi

Wapendwa, Neno mmeshalisikia likisomwa, na wapo kati yenu wanaoweza kulikariri lote bila kufungua kitabu. Kwa hiyo sitaanza kwa kulieleza. Nitaanza ziwani, kisha tutarudi hapa kanisani pamoja.

Katika mji mmoja uliojengwa kando ya ziwa paliishi mama mmoja aliyekuwa nahodha wa boti ya kuvusha abiria. Kwa miaka kumi na tisa aliondoka mwaloni, pale vyombo vinapoegeshwa, kila asubuhi, akarudi kila jioni, na katika miaka hiyo yote hakuna abiria wake hata mmoja aliyewahi kulowa kupita magoti. Jambo hilo alilijua, na alipenda wengine nao walijue. Alipopita sokoni vijana walimwita kwa cheo: "Shikamoo, Nahodha!" Naye aliitikia "Marahaba" kwa sauti ya mtu anayepokea haki yake. Je, ni dhambi mtu kujivunia kazi anayoifanya vizuri? Mimi sisemi hivyo, na mfano huu hausemi hivyo. Subirini.

Ikafika siku ya mji huo kutimiza miaka mia moja. Ikaamuliwa kwamba fataki zitarushwa saa mbili kamili usiku, si kutoka uwanjani, bali kutoka katikati ya ghuba, juu ya tishari, yaani kile chombo kipana kisicho na injini ambacho hukokotwa na kutiwa nanga. Siku ya Jumanne, mkuu wa bandari akaja mwaloni, akasimama mbele ya manahodha wote, akaeleza mambo kwa utaratibu wake. Jumamosi, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, pasiwe na chombo chochote ndani ya mita mia tatu kutoka kwenye tishari. Fataki ikipanda hupendeza, alisema, lakini makasha yake hushuka yakiwa bado na moto, na hayachagui pa kuangukia. Saa nne ikishapita, ghuba ni yenu kama ilivyokuwa.

Kisha akaongeza neno lingine.

"Sherehe zilizopita tulileta walinzi kutoka nje, wakawafukuza kama kuku waliovamia mtama. Safari hii nataka mjichunge wenyewe. Mkiweza, kazi hii itakuwa yenu siku zote. Lakini chombo kimoja kikivuka, sherehe ijayo nitaifunga ghuba tangu alfajiri, na hakuna boti ya mwalo huu itakayogusa maji. Nani atausimamia mpaka?"

Hakukuwa na kura. Watu wote waligeuka wakamtazama yule mama.

Mnaweza kufikiri alivyolala usiku ule? Alilala akitabasamu. Maana halikuwa jambo lake peke yake. Watu wa mwalo ule walikuwa wamezoea kuitwa wabishi, watu wa fujo, watu wasiosikia mpaka wasukumwe. Sasa walikuwa wameaminiwa, na heshima ya wote ilikuwa imewekwa mikononi mwake.

Siku ya Ijumaa akautia mpaka alama. Alijua njia ya kuupata bila kamba ya kupimia, kwa sababu mabaharia wa ziwa lile hupima kwa vitu vilivyo nchi kavu. Upande wa kaskazini, juu ya kilima, palikuwa na mnara wa simu wenye taa nyekundu. Chini yake, karibu na ufuko, palikuwa na tangi la maji lenye taa nyeupe. Ukiiona taa nyekundu imekaa sawasawa juu ya taa nyeupe, uko mpakani. Zikiachana, nyekundu ikahamia kushoto, umeshaingia kwenye hatari. Aliwaita manahodha wote akawaonyesha, mmoja baada ya mwingine, mpaka kila mmoja akasema ameelewa.

Hata hivyo, ili wageni nao wauone mpaka, aliweka madumu sita ya njano yakielea kwa mstari. Aliyafunga kama walivyofunga madumu ya nyavu zao tangu enzi za babu zao: dumu juu, kamba katikati, na gunia la mawe chini kwenye tope. Magunia hayo yalikuwa hayajawahi kuwaangusha. Lakini wavu, wapendwa, hauna abiria ishirini wanaoegemea upande mmoja. Lishikeni hilo.

Jumamosi ikafika. Saa kumi na moja na nusu alikuwa tayari majini, amevaa koti lake la kung'aa, filimbi shingoni, kipaza sauti mkononi. Ndani ya boti yake alikuwa amewapakia watu kumi na wanne, na kwenye ubao wa mbele alikaa shangazi yake, mwanamke aliyetega nyavu katika ziwa lile kabla nahodha hajazaliwa. Alitaka shangazi aone fataki. Na tuseme ukweli wote: alitaka pia shangazi amwone yeye.

Saa kumi na mbili vyombo vikaanza kujaa. Kijana mmoja aliyebeba mashabiki wa timu ya mpira akasogea hadi pua ya boti yake ikagusa dumu.

"Mama, tusogeesogee kidogo bwana. Watu huku nyuma wanaona visogo tu!"

"Dumu hilo ndilo ukuta, mwanangu."

"Ukuta wa plastiki?" Mashabiki wakaangua kicheko.

"Ni wa plastiki. Lakini ahadi tuliyompa mkuu wa bandari siyo ya plastiki. Rudi."

Akarudi, naye akicheka.

Baada yake akaja tajiri mmoja mwenye boti ya kasi, taa pande zote, muziki juu. Huyo hakuomba. Alikuwa anapita.

Nahodha akapuliza filimbi. "Kaka! Hapo hapo ulipo!"

"Dada, unanijua mimi?"

"Nani asiyekujua? Mimi nakujua, mkeo nakujua, mpaka mbwa wako namjua. Tatizo ni fataki. Ingekuwa inakujua na yenyewe, ningekupisha."

Vyombo vyote vikalipuka kwa vicheko, hata shangazi akafunika mdomo kwa khanga. Tajiri akazima muziki, akageuza usukani. Na yule mama, akiwa amesimama wima kwenye boti yake, akajisikia mrefu kama ule mnara wa simu.

Sasa nifuateni hatua kwa hatua, maana hapa ndipo penyewe.

Saa moja na dakika kumi upepo ukaanza kutoka ufuko wa mashariki, upepo mwepesi tu, kuelekea kwenye tishari. Boti ya nahodha ikawa inasogea kidogo kidogo, na kila mara alilazimika kuwasha injini kuirudisha. Ule mngurumo ukamzuia kusikia watu. Basi akafanya jambo ambalo kila mtu wa mwalo ule angelifanya: akaishika kamba yake akaifunga kwenye dumu la tatu, akazima injini. Kijana wa mashabiki akaona. Akawaambia wenzake, "Msimamizi mwenyewe amefunga," naye akajifunga kwenye boti ya nahodha. Wa tatu akajifunga kwa wa pili. Tajiri naye hakutaka kupoteza mafuta bure. Kufikia saa moja na nusu, vyombo kumi na sita vilikuwa vimeungana nyuma ya dumu moja, watu wanapeana karanga toka boti hadi boti, wanaimba. Ilikuwa picha nzuri. Mngepita pale mngesema: tazama jinsi watu hawa walivyoungana.

Nahodha alikuwa amesimama akiitazama picha hiyo. Uso wake ulikuwa kwa watu, mgongo wake kwa tishari. Alimhesabu kila mmoja, alimchunga kila mmoja, na hakuna hata mmoja aliyelipita dumu.

Saa moja na dakika hamsini, taa nyekundu ikawaka juu ya tishari mara tatu. Sauti ya fundi wa fataki ikaja juu ya maji:

"Kuna chombo kimevuka mpaka! Rudini nyuma! Hatuwezi kuwasha!"

Damu ikamchemka mama wa watu. Akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote. "Nani? Ni nani huyo anayetutia aibu? Jitokeze!" Akamulika kulia kwa tochi, akamulika kushoto. Akamkazia macho tajiri. Tajiri akainua mikono yote miwili: "Dada, mimi niko nyuma yako!" Akamkazia macho kijana wa mashabiki. "Mama, mimi nimefungwa kwako!"

Ndipo shangazi akamvuta pindo la koti.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "hebu tazama kule kilimani. Mbona ile taa nyekundu imehama?"

Akageuka. Taa nyeupe ilikuwa peke yake. Nyekundu ilikuwa mbali, kushoto, mbali kabisa. Akalitazama dumu la tatu. Lilikuwa pale pale pembeni ya boti yake, la njano, linaelea kwa utulivu kama lilivyoelea jioni nzima. Akayatafuta mengine matano, akayaona nyuma, mbali, kwenye mstari yalikoachwa. Gunia la mawe lilikuwa limeburutwa juu ya tope na uzito wa vyombo kumi na sita. Hakuna aliyelipita dumu. Dumu lenyewe liliwachukua, nao wakaenda nalo wakiimba. Na chombo kilichotangulia ndani ya hatari kuliko vyote kilikuwa cha msimamizi.

Wapendwa, mngefanya nini? Palikuwa na giza. Ni fundi peke yake aliyeona, naye hakujua ni chombo cha nani. Angeweza kupaza sauti: "Ninyi wa nyuma, rudini!" kisha naye akarudi kimyakimya katikati yao, na kesho angeamkiwa sokoni kama kawaida. Maneno hayo yalimfika hadi ulimini. Shangazi alikuwa anamtazama.

Akaichukua tochi, akaigeuza, akajimulika uso wake mwenyewe ili vyombo vyote vimwone. Akapuliza filimbi mara moja, ndefu.

"Sikieni! Aliyevuka ni mimi! Dumu limeburutwa, na mimi ndiye niliyejifunga wa kwanza. Fungueni kamba kuanzia nyuma. Fuateni taa mbili za nchi kavu, msilifuate dumu. Mimi nitatoka wa mwisho!"

Kisha sauti ya tajiri ikatoka gizani, tamu kama asali: "Dada! Kwani leo fataki inamjua nani?"

"Haimjui mtu, kaka yangu. Hata mimi nilidhani inanijua. Rudi kwanza, utanicheka ukishafika."

Naye akarudi. Wote wakarudi. Wa kumi na sita akafungua, wa kumi na tano akafungua, injini zikawaka moja moja, na kila nahodha akainua macho kaskazini kutafuta zile taa walizoonyeshwa Ijumaa. Yule kijana wa mashabiki aliikata kamba yake kwa kisu, akapiga kasia hadi mashabiki wakaanza kumhesabia kwa sauti. Nahodha akatoka wa mwisho, kama alivyosema. Fataki zilichelewa dakika kumi na moja.

Zilipopanda, ghuba yote ikawa nyekundu, kijani na dhahabu, na watu wakapiga kelele za furaha. Yeye hakutazama juu. Alitazama taa mbili tu, moja juu ya nyingine. Asubuhi yake walipokwenda kukusanya madumu, la tatu walilikuta limeyeyuka upande mmoja, na ndani yake kuna kipande cha kasha, kimeungua kikawa cheusi.

Jumatatu mkuu wa bandari akaja mwaloni. Akasoma taarifa: chombo kimoja kilivuka mpaka. Akauliza ni cha nani. Mama yule akasimama kabla swali halijaisha, akavua filimbi, akaiweka mezani.

"Ni changu. Mwalo usiadhibiwe kwa kosa langu."

Mkuu wa bandari akaitazama ile filimbi. "Nimefanya kazi ziwani miaka mingi," akasema, "na nimeona walinzi wengi wakiwapulizia wengine. Wewe umejipulizia mwenyewe. Nikikuondoa, nimtoe wapi mwingine?" Akaisukuma filimbi ikarudi upande wake. "Mpaka ni wenu. Na magunia yale muziachie nyavu. Nitaleta nanga."

Hata leo, ukimuuliza mtu wa mwalo ule anatoka wapi, hatakutajia samaki wala fataki. Atainua kidevu na kusema: "Natoka pale ambapo nahodha alijipulizia filimbi." Hiyo ndiyo fahari yao, nami nawaambia, ni fahari ya haki.

Basi tumerudi kanisani. Na sisi je? Sisi tuliopewa makoti ya kung'aa: wazee wa kanisa, walimu, wazazi, wanakwaya, na mimi niliyesimama hapa. Tunawachunga wengine tangu jioni, na ni kweli, hakuna aliyelipita dumu. Tunasema mambo yako kama yalivyokuwa, kwa sababu kila tukigeuka tunaona nyuso zile zile pembeni yetu. Lakini kamba yako umeifunga wapi? Kama umeifunga kwangu, nami nimeifunga kwa mwenzangu, basi huenda sote tunakwenda, na nyimbo zetu ni nzuri, na hakuna anayehisi chochote.

Siwaambii muache kujivunia kazi yenu. Jivunieni. Ila siku ile taa itakapowaka mara tatu, na sauti ikauliza ni nani aliyevuka, msianze kummulika jirani. Geuza shingo kwanza, utazame kile kisichoelea, lile Neno mlilolisikia likisomwa. Zikiwa taa mbili zimekaa pamoja, mshukuru Mungu. Zikiwa zimeachana, filimbi iko kifuani mwako.