Mwashi wa Halab na Jiwe la Kilele

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika zama za vita vya Msalaba mwashi mmoja wa Halab, mji wa nchi ya Sham, jina lake Ziyadi bin Hilali, alitekwa akapelekwa nchi ya Wafaransa. Huko akawekwa katika ngome juu ya jabali, ajenge kikanisa cha ndani chenye matao yaliyochongoka na madirisha marefu ya vioo vya rangi. Bwana wa ngome alimwapia kwamba siku zitakapoondolewa mbao zinazoshikilia dari, naye atakuwa huru. Bwana yule akafa, kiapo kikabaki mikononi mwa mjane wake, Bibi Aveline.

Ziyadi alijenga miaka tisa. Mikono ilikuwa Ufaransa, moyo uko Halab kwa mama yake, aliyemwacha akiwa mkongwe. Kila alfajiri alielekea kibla na kumwomba Mola amjaalie kuuona uso ule tena. Akikumbuka harufu ya mkate wa mama, aliacha chakula akarudi kazini.

Ikabaki siku moja mbao zitolewe. Wafanyabiashara ambao angesafiri nao, walioshuka pwani mara moja tu kwa mwaka, walikuwa wamekwisha kufunga mizigo. Ada ya waashi ni kuligonga kila jiwe kwa nyundo ya mti kabla mbao hazijatolewa, kwani jiwe zima hulia, na lenye ufa wa ndani hunyamaza. Ziyadi akapanda, akagonga. Yote yalilia, ila jiwe la kilele linalokaza matao yote, alilolichonga kwa mkono wake. Akaligonga tena na tena, kana kwamba litamhurumia.

Akaketi juu ya mbao akalia. Ufa haukuonekana kwa macho, na pengine dari ingesimama miaka mitano, yeye zamani yuko kwao. Lakini chini yake wangekaa watu na watoto wao. Akashuka, akaenda kwa bibi.

"Bibi, mbao zisitolewe. Jiwe la kilele lina ufa, na kosa ni langu."

"Chokaa haishiki wakati wa baridi, na wafanyabiashara hawarudi ila mwakani," akasema Bibi Aveline. "Huo ni mwaka mzima, Ziyadi. Nami sina ruhusa ya kukigeuza kiapo cha marehemu."

"Najua, bibi."

"Ungenyamaza, kesho ungekuwa njiani."

"Ningefika Halab, bibi, lakini nisingelala."

Akachonga jiwe jingine, akangoja. Mwaka uliofuata mbao zikatolewa, dari ikasimama, naye akaachiwa. Alipobisha mlango wa kwao alifungua dada yake, Rudayna. Mama alikuwa amefariki miezi minne kabla.

"Aliniulizia?"

"Kila siku, kaka. Dua yake ilikuwa moja: Ewe Mola, nirudishie mwanangu, na arudi bila dhuluma ya mtu shingoni. Na ikiwa hapana budi nikose moja, basi nikose kumwona."

Ziyadi akaketi pale pale mlangoni, hakuweza kuingia.

Ndugu zangu, sisi tukicheleweshwa siku moja tu tunajiona tuna haki ya kuficha kidogo. Mja yule alisema kweli huku analia. Mola atujaalie subira yake, na amkutanishe na mama yake mahali pasipo na kuagana.