Kware Aliyetua Penye Mlingoti Mtupu

Hapo zamani, tena si zamani sana maana nyama yenyewe tungali tunaitamani, katika nchi ya mashamba ya wimbi watu walinasa kware kwa kware. Penye mtego husimamishwa mlingoti, na juu yake tenga lenye kware wa kufugwa. Alfajiri huyo anaita, wenzake wa porini wanashuka kumjibu, wananaswa. Na sheria ilikuwa hii: kware wa kuita hulishwa na mkono mmoja. Akilishwa leo na huyu, kesho na yule, hunyamaza.

Basi palikuwa na Andayi, mkewe Nabwile na mama yake mzee, Khasiala. Kware wao alikufa, mlingoti ukabaki mtupu, na majirani wakauliza kama huko juu ndiko wanakoanika nguo.

Siku moja Andayi akivuna wimbi alimwona mwewe akimshukia kware. Andayi akamrukia kware, akamfunika kwa shati, mwewe akamrarua mkono. Akakimbia nyumbani akipiga kelele: "Mama watoto, teleka maji!"

Nabwile akamgeuza ndege, akamgeuza tena. "Weka kisu chini, baba watoto. Kware wa porini ukimshika hupapatika. Huyu amejilaza kiganjani, na manyoya ya kifua yamesagika kwa fito za tenga. Huyu ni wa mtu."

"Wa mtu gani?"

"Simjui. Lakini akija ukiwa umeshamla, utamtapikia?"

Andayi akaweka kisu, roho ikimuuma.

Lakini ndege hali, haiti, amejikunyata tu. Ndipo Khasiala, na magoti yake mabovu, akatambaa hadi kwenye kichuguu akachimba mchwa. Akamlisha mmoja mmoja, wala hakuruhusu mwingine amguse. Akamwekea vumbi na majivu aoge. Akamsimulia habari za marehemu mumewe. Asubuhi moja ndege akaruka juu ya mtungi, akaita! Bibi akalia kwa furaha.

Kwenye kilima cha pili, mtu akaisikia, akatupa jembe. Ni Mulongo, mwenye ndege, akaja mbio: "Sauti hiyo naijua kama kikohozi cha baba yangu!" Ndege akamkimbilia miguuni. Nani angebisha? Akaenda naye.

Kesho yake Mulongo akarudi na tenga dogo. "Nina kinda huyu, bado hajazoea mkono wa mtu. Ni wa aliyeniokolea ndege wangu. Lakini mkono mmoja tu!"

"Mkono ndio huu, na makovu yake," akasema Andayi. "Bila mimi, mwewe angekuwa ameshiba."

Nabwile akacheka. "Ulimtoa kwenye kucha ukamleta kwenye kisu. Aliyemtambua ni mimi. Na tangu niolewe napika kware wa mitego ya wengine. Nami nataka mlingoti wangu."

"Mlimwokoa na kifo, sikatai," akasema Khasiala. "Lakini kware bubu angesikiwa na nani? Sauti nilimrudishia mimi. Na tangu ndege aondoke jana, wanangu, jikoni kwangu sina wa kuzungumza naye."

Andayi akainamisha kichwa. Nabwile akafuta machozi kwa leso, ila hakusema "mchukue". Wakageuka kumuuliza Mulongo, kumbe ameshavuka mto. Aamue kati ya mtu, mkewe na mama yake? Ana wazimu?

Na kinda yumo tengani, mdomo wazi, njaa inamuuma. Mikono mitatu imenyooshwa, kila mmoja na mchwa wake. Haya, nyinyi mnaocheka, nawaona: nani amlishe?