Sauti Iliyoitika Badala ya Lusungu

Kataa neno, usikatae wito. Ndivyo nilivyowaambia nilipowakuta mmejibanza nyuma ya banda, huku mimi nimeita mpaka koo limenikauka. Na Jofrida, badala ya kuona haya, ananiuliza maneno hayo aliyatunga nani. Haya, sogezeni vigoda. Vuteni na hilo karai la njegere mmenye, maana masikio hayazuii mikono kufanya kazi. Watu wa pwani watawaambia methali hiyo ni yao. Waacheni waseme. Mimi niliipata kwa bibi yangu, na yeye alisema ilianzia hukuhuku kwetu milimani, kwenye baridi, na ilianza hivi.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Twilumba. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kijijini, ile inayopakana na korongo. Alikuwa na watoto wawili. Wa kwanza msichana, Lusungu, umri wake kama wako wewe Jofrida, na wa pili mchanga wa kubebwa mgongoni. Kipupwe kilikuwa kimekwisha. Mifyulisi, yaani mipichi, ilikuwa imechanua maua yake ya waridi kabla hata ya kuota majani, nyuki wamerudi, na mume wa Twilumba amekwenda msituni kupasua mbao.

Mnajua majira hayo yalivyo. Wanaume husema ni wakati wa kupumzika kabla ya mvua. Wanawake huzitazama kuta. Moshi wa miezi ya baridi umezifanya nyeusi, masizi yananing'inia darini, na mablanketi ukiyakung'uta unapiga chafya mpaka machozi. Basi kila kitu hutolewa nje. Vitanda humwagiwa maji ya moto kwa ajili ya kunguni, vyungu husuguliwa kwa mchanga, na kuta hukandikwa upya, kisha hupakwa udongo mweupe. Kazi hiyo haiendi bila kuitana. Lusungu, lete maji. Lusungu, shika hapa. Lusungu, mtazame mdogo wako asije akala udongo.

Na Lusungu kila alipoitwa alikuwa hayupo. Hakuwa mvivu kiasi hicho, tuseme kweli. Kilichomchosha ni kule kuitwa tu. Alikuwa amegundua kwamba kazi humpata anayeitika, kwa hiyo akaacha kuitika. Alipanda mfyulisi mkubwa nyuma ya jiko, akatulia katikati ya maua, akamsikiliza mama yake akiita mpaka achoke mwenyewe. Mtoto huyo simfananishi na mtu hapa.

Asubuhi moja ukungu ulishuka mpaka chini. Twilumba akatoka jikoni akaita, "Lusungu!" Lusungu akakaa kimya juu ya mti. Na kutoka ng'ambo ya korongo, sauti ikaitika.

"Abee, mama."

Ilikuwa sauti ya Lusungu mwenyewe, pamoja na ule mkwaruzo wa mafua aliyokuwa nayo siku hizo. Lusungu alijishika mdomo kuhakikisha haukuwa umefunguka. Ulikuwa umefungwa.

"Niletee kuni," mama akasema.

"Naleta, mama," sauti ikajibu, kwa upole sana.

Lusungu akaling'ang'ania tawi. Lakini mtoto ni mtoto. Hofu ilipompungua kidogo akawaza, afadhali, sasa nimepata wa kuniitikia. Akaendelea kukaa mtini.

Kuni hazikufika, bila shaka. Mama alipomkuta baadaye alimjia juu. "Umeitika mwenyewe, tena vizuri. Kuni ziko wapi?"

"Mimi sikuitika, mama."

"Kumbe aliyeitika ni bibi yako?"

Lusungu akanyamaza, kwa sababu angesema kweli ingembidi aseme na alikokuwa amejificha.

Tangu hapo, kila ukungu uliposhuka, mama aliita na sauti ikaitika. Mwanzoni iliitikia ng'ambo ya korongo. Kisha ikawa upande huu, kwenye magugu. Kisha ikasikika nyuma ya zizi, ambako mbuzi walisimama wote wakielekea upande mmoja na hawakula. Haikusema hata siku moja "subiri kidogo." Haikununa. Ilikubali kila ilichotumwa, na haikuleta chochote.

Twilumba akaanza kuipenda. Hakujua anapenda nini, lakini alipenda. Akawa anawaambia majirani, "Lusungu wangu siku hizi ana adabu. Kazi hafanyi, lakini anavyoitika, jamani, roho inatulia." Halafu jioni anapomtazama Lusungu usoni, na kamasi zake na mdomo alioubetua, anamtazama kama aliyekuwa anamtarajia mtoto mwingine.

Hilo ndilo lililomuumiza Lusungu. Akaona mama anamponyoka hivihivi huku wanakaa nyumba moja. Akaacha kupanda mti. Akaamua kwamba akiitwa ataitika, tena mbio. Lakini siku ya ukungu mama alipoita, kabla Lusungu hajafungua mdomo, sauti ilikuwa imekwisha kuitika. Mara nyingine alijiweka tayari kabisa, amevuta pumzi, na bado ikamtangulia. Mama alitabasamu na kuelekeza uso kule zizini, na Lusungu alikuwa amesimama mlangoni pembeni yake.

Sasa, udongo mweupe wa kupaka kuta ulichimbwa ukingoni mwa korongo. Twilumba akaenda kuuchukua, mtoto mchanga mgongoni na kapu mkononi. Alimwacha Lusungu jikoni atazame chungu cha maharage. Alikuwa amekwisha kujaza kapu ukungu ulipoinuka kutoka bondeni, mzito, hata miguu yake hakuiona. Njia ikapotea. Mtu wa milimani akipotewa na njia kwenye ukungu hatembei ovyo. Husimama akawaita walio nyumbani, akaifuata sauti yao.

"Lusungu!" akaita. "Niitikie nijue nyumba iko wapi."

"Abee, mama," ikajibiwa karibu naye, kutoka kule ambako ardhi iliishia. "Nyumba iko huku."

Twilumba akageukia huko akapiga hatua. Lusungu jikoni alisikia yote. Akaacha mwiko, akatoka nje mbio, akapaza sauti mpaka kifua kikamuuma.

"Mama, usiende huko. Mimi niko huku jikoni."

"Mama, usiende huko," sauti ikasema, taratibu. "Mimi niko huku jikoni."

Twilumba akasimama. Watoto wawili, sauti moja, pande mbili. Jiwe likaporomoka chini ya mguu wake, akalisikiliza likidunda, na hakulisikia likitua. Mtoto mgongoni akaanza kulia.

"Mama, ni mimi," Lusungu akalia.

"Mama, ni mimi."

Kila alichosema Lusungu kilirudiwa, tena kwa utamu zaidi. Twilumba alikuwa amezoea kuifuata ile tamu. Mwili wake wenyewe ulielemea huko. Asijue la kufanya, akasema tu kile ambacho mama yeyote husema akiwa na mzigo.

"Lusungu, kama ni wewe, njoo unipokee hili kapu."

"Naja, mama," ikasema sauti ya korongoni. "Nyosha mkono."

Na Lusungu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akajibu ukweli wake. "Siji, mama. Naogopa. Halafu maharage yanaungua."

Twilumba akangoja maneno hayo yarudiwe. Hayakurudiwa. Kile kitu kilikuwa kimeweza kuiga mafua, na kilio, na jina la mama, lakini neno la kukataa kilishindwa nalo.

"Nyosha mkono, mama," kikasema tena, karibu kabisa na vidole vyake.

Twilumba, aliyekuwa amekwisha kuunyosha mkono, akaurudisha kifuani. Alikuwa amemzaa msichana aliyenuna tangu siku alipoachishwa ziwa, msichana mwenye jibu kwa kila jambo, na huyo alikuwa nyuma yake. Akakipa kisogo kile kilichokuwa kinamwita.

"Lusungu, kataa tena," akasema.

"Siji, mama."

Akapiga hatua kuelekea huko. "Kataa tena."

"Siji. Nimesema siji."

"Endelea kukataa, mwanangu. Usiache."

Basi akaja hivyo, hatua kwa hatua, akiongozwa na mtoto aliyekuwa analia na kumkatalia mama yake kwa sauti yote. Nyuma yake ile nyingine ilifuata, bado na upole wake, ikisema naja, mama, naja, mpaka kwenye ua. Twilumba hakugeuka. Aliona mwanga wa moto, kisha mlango, kisha kichwa cha Lusungu, akamshika nywele kwanza, ndipo akamkumbatia.

Walifunga mlango. Nje kulikuwa na kitu kinachopumua ukutani, pale ambapo udongo uliokandikwa ulikuwa bado haujakauka. Twilumba akamtazama binti yake, akamwita kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu kuuona mguu uliovunjika kama utakanyaga.

"Lusungu."

"Abee, mama," Lusungu akajibu, papo hapo.

Wakasikiliza. Safari hii hakuna kilichomtangulia, wala kilichorudia. Ule upumuaji ukakoma.

"Nikikuita ukanyamaza," Twilumba akasema, "wito wangu unabaki nje, na kinachopita kinauokota. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi nenda ukanichotee maji."

Lusungu akautazama mlango, akamtazama mama yake. "Abee, mama. Siendi. Bado naogopa."

Twilumba akacheka huku machozi yanamtoka, akamvuta karibu na moto, maharage yameungua na hakuna aliyeyajali.

"Ndivyo ninavyotaka," akasema. "Nitakutuma mengi maishani, mengine hutayaweza, mengine hutayataka. Niambie hapana, nitakasirika, yatakwisha. Ila nikikuita, nijue uko wapi. Kataa neno, mwanangu. Usikatae wito."